Kopo la Manjano

Murmansk, Desemba. Jua lilituaga mwanzoni mwa mwezi
na halikuacha anwani.
Saa sita mchana ni usiku wenye taa,
nami nyuma ya kaunta, duka la rangi karibu na gati,
nachanganya.

Tone moja la kahawia, matatu ya nyeupe, tikisa,
fungua, chovya kidole, bandika kifuniko.
Miaka kumi na tisa.
Kucha zangu hazijapata kuwa na rangi moja.

Akaingia mzee Innokenti, theluji mabegani,
aliyeendesha winchi bandarini hadi magoti yakamkatalia.
"Nataka manjano."
Nikamtolea kadi ya rangi. Akaisukuma kando.
"Hii ya limau inakunja uso.
Hii nyingine ni ya basi la shule.
Nataka ya kiini cha yai,
tena yai la shamba, la kuku aliyekula majani."
Nikamuuliza ni ya chumba gani.
"Ngazi," akasema. "Kutoka ya tatu hadi ya nne.
Kila alipofika pale, Taisiya alinuna.
Miaka thelathini nilidhani ananinunia mimi.
Sasa hayupo wa kumuuliza."

Naijua ngazi ile, ndiyo ninayopanda kila jioni.
Kuta zake kijivu hadi kifuani,
juu chokaa iliyochoka.
Kijivu: jina lenyewe limetoka jivuni,
na jivu huja baada ya moto,
lakini pale hakuna aliyewahi kuota moto.

Tulichanganya mara saba.
Ya nne nusura alie, kisha akasema siyo.
Ya saba hakusema kitu. Alilipa.

Alipaka siku nne, lifti mbovu, kopo mkononi.
Msimamizi wa jengo akaja na karatasi:
kanuni inasema kijivu.
Innokenti akampa brashi amshikie, kidogo tu,
apande kiti.
Akaishika saa nzima.

Sitaki kudanganya, rangi si dawa.
Mabomba yaliendelea kulia, mishahara ikachelewa,
na Raisa wa ghorofa ya tano, muuguzi wa zamu ya usiku,
alisema manjano ile inampigia kelele
akitoka kazini asubuhi, akitaka giza tu na mto.
Yeye nilimchanganyia buluu nzito, ya wino.
Akapaka hadi dari, akalala saa tisa mfululizo
kwa mara ya kwanza tangu talaka.

Na kwangu? Kuta nyeupe tupu.
Mpishi naye hurudi nyumbani akala mkate mkavu.

Ila nimemwona Ulyana wa ghorofa ya pili
akipanda kufanyia hesabu pale, amekalia mto,
ilhali kwao kuna meza.
Nimemwona mama mwenye mifuko ya viazi
akisimama pale kuvuta pumzi,
pumzi ikarudi, naye bado amesimama.
Na siku moja mimi mwenyewe, nimegombana na dada kwenye simu,
nilifika ya tatu na nusu
nikakuta mabega yangu yameshuka.
Sikuyaamuru.

Katikati ya Januari tulipanda kilimani,
chai kwenye chupa, watoto shingoni,
wote tumeelekea kusini kama wanaosubiri treni.
Likachungulia. Dakika kumi hazikufika.
Wala halikuwa manjano hata kidogo:
lilikuwa jekundu la samaki aliyepasuliwa sasa hivi,
na waridi kidogo pembezoni.

Innokenti akavua kofia, katika baridi ile,
akalitazama hadi likazama,
kisha akanigeukia kwa sauti ya mteja mwenye risiti:
"Hiyo. Kutoka ya nne hadi ya tano."

"Muulize kwanza Raisa," nikamjibu,
huku moyoni nimeshaanza kuhesabu matone.